Jina Halikai Peke Yake: Dhidi ya Ushairi wa Orodha katika Kuwafunza Watoto Nomino

1. Utangulizi

Kumezuka miongoni mwetu, sisi tunaofundisha fasihi ya Kiswahili vyuoni, mazoea ya kuupita ushairi wa watoto kama mtu apitavyo mtumbwi wa kuchezea uliosahauliwa ufukweni: tunautupia jicho, tunatabasamu, kisha twaenda zetu kwenye majahazi. Mhakiki atajaza kurasa kwa kuichambua Al-Inkishafi, na baada ya zaidi ya miaka 50 bado atabishana na wenziwe juu ya vina na mizani kama kwamba Kichomi cha Kezilahabi kilitoka jana, si mwaka 1974. Lakini utungo unaoimbwa darasani kila asubuhi na watoto ambao bado hawajaota meno ya ukubwa haumpati msomaji wa makini hata mmoja. Huachiwa mwalimu, mchapishaji na mtahini, na wao hawakuahidi mtu yeyote kwamba watauhakiki.

Makala haya yanakusudia kupinga mambo mawili. La kwanza ni dhana kwamba ushairi wa kuchezea hauna hadhi ya kuhakikiwa. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni aina ya ushairi ambayo imeenea kwa sababu ya dhana hiyo ya kwanza, nasi tutaiita ushairi wa orodha. Huu ni ushairi unaodai kumfunza mtoto nomino kwa kumpangia majina yenye vina, jina baada ya jina, kama dukani. Hoja yetu ni kwamba katika Kiswahili nomino haijulikani kwa kuwa ni jina la mtu, mahali au kitu. Hujulikana kwa namna inavyowaongoza wenziwe katika sentensi. Maadamu ndivyo ilivyo, utungo unaotaja nomino bila kuzipa wafuasi wake humfunza mtoto sarufi ya lugha nyingine kwa maneno ya Kiswahili.

Mifano yetu imetoka kisiwani Wasini, mkabala na Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Hatukukichagua kisiwa hicho kwa sababu ya umaarufu wake kwa watalii wanaokwenda kutazama pomboo na matumbawe ya Kisite, bali kwa sababu huko ndiko tulikohukumiwa, na aliyetuhukumu ni mtoto.

2. Utungo wa darasani

Likizo moja ya Aprili tulikuwa tumeketi barazani katika kijiji cha Wasini, tukingoja maji yajae. Mjukuu wa dada yangu, mwenye umri wa miaka tisa hivi, alikuja kunisalimu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Huko shuleni mmesoma nini?”

“Tumesoma nomino.”

Nikamuuliza nomino ni nini. Akasimama wima, akaweka mikono nyuma, akaghani kwa sauti ile moja ambayo kila mtoto wa shule anaijua:

Nomino ni jina letu, la mahali, kitu, mtu,
Baba, mama, ndugu zetu, chaki, meza, na viatu.

Nikamwambia vyema. Kisha nikamuuliza, “Na njaa je? Ni mtu, mahali au kitu?” Alinyamaza, akafikiri kwa haki, kisha akajibu, “Njaa si kitu, mjomba. Njaa ni kukosa kitu.” Kwa mujibu wa utungo alioukariri, basi, njaa si nomino. Mtoto hakukosea; alifuata alichofunzwa hadi mwisho wake, jambo ambalo waliomtungia hawakuthubutu kulifanya.

Wakati huohuo mtumbwi ulikuwa ukisogea ufukweni. Yule mtoto aligeuka, akamwita kaka yake kwa sauti tofauti kabisa: “Upondo umekwama! Chukua ule mwingine! Zile pondo zimo ndani!” Katika kufumba na kufumbua alikuwa ametumia nomino ya ngeli ya U-ZI katika umoja na wingi, akaidondosha u- ya mwanzo panapotakiwa, na akapatanisha kivumishi, kionyeshi na kitenzi bila kosa. Mtoto aliyeshindwa kuamua iwapo njaa ni nomino alikuwa anaijua nomino kuliko utungo uliomfunza.

Yatupasa sasa tuungame. Utungo ule niliutunga mimi. Zaidi ya miaka 15 iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa uzamili mwenye haja ya karo, niliombwa na mchapishaji mmoja nitie vitungo vya sarufi katika kitabu cha watoto. Nilivitunga kwa jioni mbili. Nilihesabu mizani, nikahakikisha vina vimelingana, nikalipwa, nikasahau. Sikutarajia kamwe kwamba utungo ule ungevuka mlango wa bahari na kunisubiri barazani katika kinywa cha mtoto wetu. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba makala haya yanawashambulia walimu. Walimu walipewa walichopewa. Tunaoshtakiwa hapa ni sisi watunzi na wahakiki.

3. Kanzu ya Kiswahili, mwili wa Kiingereza

Fasili ya nomino kuwa jina la mtu, mahali au kitu ina mahali pake. Katika Kiingereza ina msaada fulani, kwa kuwa nomino ya lugha hiyo haibebi alama nyingi za kuitambulisha: ina wingi, ina umilikishi, basi. Ukiitoa katika sentensi ukaiweka pekee, imepoteza kidogo tu. Ndiyo sababu Brian P. Cleary alipochapisha Marekani, mwaka 1999, kitabu chake cha watoto A Mink, a Fink, a Skating Rink: What Is a Noun?, alifaulu kuwachekesha na kuwafunza watoto kwa kurundika majina yenye vina. Mrundiko huo ndio mchezo wenyewe, na lugha yake inauruhusu. Hatuna ugomvi na Cleary. Ugomvi wetu ni na yule anayekichukua kiatu kilichoshonewa mguu mwingine akauchonga mguu wa mtoto ili uingie.

Nomino ya Kiswahili ni mfano wa nahodha. Hujui kwamba fulani ni nahodha kwa kumtazama akitembea sokoni. Utamjua chomboni, pale atakapotoa amri na mabaharia wakaitika. Tukisema “kisima kile kirefu kimekauka,” kisima kimetoa amri na maneno matatu yameitika. Hili si jambo jipya katika elimu ya lugha za Kibantu. Brusciotto alikwisha kuyagawa majina ya Kikongo kwa makundi mwaka 1659, Bleek akaupanua uchunguzi huo katika karne ya 19, na Kapinga katika Sarufi Maumbo ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1983 akaziainisha ngeli kwa kuangalia upatanisho wa kisarufi. Mfumo wa A-WA, KI-VI, LI-YA ambao kila mtoto wa Kenya anaujua umejengwa juu ya msingi huohuo: herufi zile si za nomino, ni za viambishi ambavyo nomino inavipandikiza katika kitenzi. Jina la ngeli ni mwitiko wake.

Kichekesho ni kwamba tunamfunza mtoto fasili ya Kiingereza katika darasa la chini, kisha katika darasa la juu tunampa jedwali la ngeli na kumtaka ashangilie. Tangu mwaka 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, vizazi vya watoto vilizikuta ngeli katika maswali ya kuchagua jibu: A, B, C au D. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unazungumzia nyimbo, mashairi na michezo kwa moyo mkunjufu zaidi. Lakini mtaala haujitungii mashairi. Ikiwa kinachopatikana sokoni ni ushairi wa orodha, mwalimu ataimbisha orodha, na umilisi utakaopatikana ni ule wa kuimba.

4. Vina vya bure

Watetezi wa ushairi wa orodha hutujibu kwamba vina humsaidia mtoto kukumbuka. Naam, humsaidia, lakini swali ni kukumbuka nini.

Katika Kiingereza kina ni adimu kiasi, na mtoto hufurahi anapokigundua, kama mtu aliyeokota lulu. Katika Kiswahili maneno karibu yote huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu karibu vyote huishia kwa -a. Kwetu sisi, kina cha mwisho pekee si lulu, ni kokoto, na ufukwe mzima umejaa. Washairi wetu wa zamani walilijua hili. Ndiyo maana hawakutosheka na kina kimoja cha mwisho, bali waliongeza kina cha kati, wakagawa mshororo kuwa ukwapi na utao, na K. Amri Abedi alipoziandika sheria za utungaji mwaka 1954 alikuwa anaweka kwenye karatasi mazoea ya watu waliokwisha kuona kwamba urahisi wa vina unahitaji kutiwa lijamu.

Sasa rejea utungo wangu. Uhamishe “meza” uuweke pa “chaki.” Hakuna kilichobadilika. Weka “kuku” pa “meza.” Hakuna kilichobadilika. Mizani zi pale pale, kina ki pale pale, na mtoto hajapata wala hajapoteza maarifa. Utungo ambao maneno yake makuu yaweza kubadilishwa bila utungo wenyewe kutikisika hauna muundo. Una nafasi tu. Tungepewa shairi la mtu mzima lenye kasoro hiyo tungeliita la kukaragaza. Kwa nini la mtoto tuliite zuri?

Lakini katika Kiswahili kuna marudio mengine, yasiyoagizwa kutoka nje wala kuokotwa ufukweni: marudio ya mwanzo wa neno. “Kile kisima kirefu kimekauka” ni mshororo ambao sarufi imekwisha kuutia mlio kabla mshairi hajafika. Lugha yenyewe inamwimbia mtoto. Mtunzi anayeyapuuza marudio haya ya ki-, vi-, li-, ya-, akakimbilia mwisho wa neno kutafuta muziki, amekaa juu ya jabia lililojaa maji huku akiomba mvua.

5. Alfiyya si hoja

Tumewahi kujibiwa kwamba Mswahili hapaswi kushangaa sarufi ikitiwa katika shairi, kwani madrasa za pwani zimeyajua hayo kwa karne nyingi. Ni kweli. Alfiyya ya Ibn Malik, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1274, inaifunza nahau ya Kiarabu kwa beti zipatazo elfu moja, na wanafunzi wameihifadhi kuanzia Andalusia hadi Afrika Mashariki. Ajurumiyya, iliyoandikwa kwa nathari, nayo ilikuja kutiwa katika nudhumu ili ihifadhike. Basi, wanasema, ubaya wa orodha uko wapi?

Jibu letu ni kwamba Alfiyya haikukusudiwa kumfunza mtoto lugha ya mama yake. Ilikusudiwa kumkusanyia mwanafunzi kanuni ambazo ataelezwa na mwalimu, na ndiyo sababu ina sherehe zinazojulikana kama ile ya Ibn Aqil. Ni kamba ya kufungia mzigo, na mzigo wenyewe uko kwa mwalimu. Hapa pana tofauti ambayo wahakiki tumeiacha bila kuipa jina: kuna ushairi unaosema kanuni, na kuna ushairi unaotenda kanuni. Alfiyya inasema kanuni, kwa ustadi mkubwa, kwa wale wanaoihitaji itajwe. Mtoto wa Wasini haihitaji itajwe, kwani anaitenda kila anaposhika upondo. Anachohitaji ni kuiona. Na ushairi unaotenda kanuni ndio unaoweza kumwonyesha, kwa kuirudia hadi masikio yake yakaisimamisha.

Watoto wetu, isitoshe, hawakungoja walimu ili wacheze na maumbo ya maneno. Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870, aliona haja ya kueleza kinyume, mchezo wa kuichukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza, hata nyumba ikawa mbanyu. Mtoto anayecheza kinyume amekwisha kuikata silabi bila kisu cha isimu. Vivyo hivyo katika ule mchezo wa kutaja nyama, ambapo kiongozi hutaja jina la mnyama na wenziwe huruka iwapo analiwa, wakatulia iwapo haliwi: kila jina linadai kitendo, na anayeruka pasipo mahali pake hutolewa. Huo ni mchezo wa nomino hasa, kwa sababu jina lina matokeo. Ushairi wa orodha hauna matokeo, hakuna anayetolewa kwa kusema “meza.”

6. Chombo kimoja, ngeli nyingi

Anayebomoa na ajenge. Baada ya siku ile barazani niliketi na yule mtoto na wenziwe tukatunga upya, tukitumia vitu vilivyokuwa mbele ya macho yetu. Tuliamua kutumia tathnia, ubeti wa mishororo miwili, kwa sababu ambayo watoto waliiona kabla yangu: mshororo mmoja wa umoja, mmoja wa wingi. Kiongozi anaimba wa kwanza. Kundi linajibu kwa wa pili. Anayekosea anaingia majini hadi magotini. Matokeo yalikuwa haya:

Chombo changu kile kile, kimetweka, kimetoka;
Vyombo vyangu vile vile, vimetweka, vimetoka.

Mlingoti ule ule, umepinda, umechoka;
Milingoti ile ile, imepinda, imechoka.

Tanga langu lile lile, limevimba, limeruka;
Matanga haya na yale, yamevimba, yameruka.

Nanga yangu ile ile, imezama, imeshuka;
Nanga zangu zile zile, zimezama, zimeshuka.

Upondo wangu ni ule, umekwama, umeshika;
Pondo zangu zile zile, zimekwama, zimeshika.

Nahodha wangu ni yule, amelala, anacheka;
Manahodha wale wale, wamelala, wanacheka.

Hatudai kwamba utungo huu ni mkubwa. Kina chake cha mwisho ni -ka, nacho ni kokoto kama kokoto nyingine, hatukuficha. Lakini mzigo wa utungo hauko hapo. Jaribu kulitoa neno “tanga” uweke “nanga” katika ubeti wa tatu: mshororo mzima unaanguka, kwa kuwa “nanga langu lile lile, limevimba” haiwezi kutoka katika kinywa cha mtoto yeyote wa kisiwani ila kwa kicheko. Hapa nomino haibadilishwi bila malipo. Ndiyo maana ya kusema kwamba utungo una muundo.

Tazama pia jinsi beti zinavyomtegea mtoto mitego kwa utaratibu. Katika ubeti wa nanga jina halibadiliki hata kidogo. Umoja na wingi vinaonekana kwa wafuasi tu, na mtoto analazimika kutambua kwamba maana ya idadi imo katika yangu na zangu, si katika nanga. Katika ubeti unaofuata, upondo unaanza kama mlingoti, ule na ule, kisha wingi wake unawaacha milingoti na kuwafuata nanga. Watoto watatu waliingia majini hapo. Halafu anakuja nahodha. Wingi wake ni manahodha, wenye ma- kama matanga, na anayetazama umbo peke yake ataimba “yale yale.” Lakini nahodha ana roho, naye hudai wale. Jedwali la ngeli huhitaji maelezo marefu juu ya viumbe wenye uhai na tofauti ya umbo na upatanisho. Utungo huu humfikisha mtoto hapohapo kwa hatari ya kulowa. Yule mjukuu wa dada yangu aliongeza la kwake: akauliza kwa nini matanga ya chombo na matanga ya msiba ni neno moja. Sikumjibu, kwa kuwa mjadala uliozuka baina yao ulikuwa bora kuliko jibu langu.

7. Chi- na ki-

Kuna jambo jingine ambalo ushairi wa orodha hauwezi kulifanya, nalo linahusu haki.

Kisiwa cha Wasini ni kidogo, lakini kina vijiji viwili na lahaja mbili: Kivumba upande wa kijiji cha Wasini, na Chichifundi upande wa Mkwiro. H.E. Lambert alizichunguza lahaja hizo na kuchapisha vitabu viwili, Ki-Vumba mwaka 1957 na Chi-Chifundi mwaka 1958. Vichwa vya vitabu hivyo vinatosha kuwa somo: lahaja mbili jirani, na kila moja inajitaja kwa kiambishi chake. Mtoto wa Mkwiro anayetamka chi- panapo ki- ya Kiswahili sanifu hajavuruga ngeli. Ameitekeleza kikamilifu, kwa kiambishi cha nyumbani kwao.

Tumeshuhudia katika shule moja ya upande wa bara, ambayo haina haja ya kutajwa, mtoto akikosolewa hadharani kwa chi- yake kama kwamba amekosa adabu. Wenziwe walicheka. Mtoto yule hakutamka neno tena kipindi kizima. Tunauliza: alikosolewa nini? Si upatanisho, kwani chi- ilimfuata chi-. Alikosolewa uzawa wake. Tume ya Gachathi ilikwisha kupendekeza mwaka 1976 kwamba watoto wa madarasa ya mwanzo wafunzwe kwa lugha ya eneo la shule. Lakini mwenye lahaja ya Kiswahili huponyokwa hata na hifadhi hiyo, kwa kuwa huonekana ana Kiswahili tayari, ila kibovu.

Ushairi unaotenda kanuni humwokoa mtoto huyu bila hotuba. Ki- ni silabi moja, na chi- ni silabi moja. Aimbaye kwa chi- hapunguzi mizani wala hazidishi. Mlio wa mwanzo unarudi kama unavyotakiwa kurudi. Watoto wa vijiji viwili wanaweza kuuimba ubeti wa chombo kila mmoja kwa lahaja yake, na mwalimu mwenye busara ataweza kuwauliza: ni nini kilichobadilika, na ni nini hakikubadilika? Hapo watakuwa wamejifunza kwamba Kiswahili sanifu ni lahaja mojawapo iliyopewa kazi ya kutuunganisha, na kwamba lahaja ya bibi yao ina sarufi. Orodha haina namna ya kulisema hilo. Orodha ina neno moja sahihi, na mengine yote ni makosa.

8. Majibu kwa wenzetu

Tunatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mtoto wa Kakamega au wa Murang'a hajauona upondo, na kwa hiyo tunawalazimisha wa bara waimbe bahari ya wengine. La hasha. Tunachopendekeza ni kanuni, si vifaa. Mtoto wa bara ana matatu, na matatu ni chombo vilevile: kina kiti na mlango, kina tairi na honi, kina usukani, na juu ya yote kina dereva, ambaye wingi wake ni madereva na ambaye atamtega mtoto kwa mtego uleule wa manahodha. Ngeli sita katika gari moja. Tena mtoto huyu anahitaji zaidi ushairi wa aina hii kuliko yule wa Wasini. Mtoto wa kisiwani amenyonya upatanisho. Wa Nairobi, aliyezungukwa na “ile kitu” na “hii mtoto,” hana pengine pa kuusikia ukitenda kazi yake ila shuleni. Akipewa orodha, hatausikia popote.

Pingamizi ya pili ni ya wenzetu wa idara: kwamba haya ni mambo ya ufundishaji, wala hayahusu uhakiki. Twajibu kwamba kazi ya uhakiki ni kutofautisha kizuri na kibaya kwa vigezo vinavyoelezeka, na makala haya yametoa vigezo vitatu. Kwanza: je, nomino ikibadilishwa, mshororo unatikisika? Pili: je, mtoto akishaimba ubeti mmoja, anaweza kuutunga unaofuata kwa nguvu zake? Tatu: je, utungo unastahimili lahaja ya anayeuimba? Utungo wangu wa zamani unashindwa katika vigezo vyote vitatu. Mhakiki anayeona vigezo hivi ni vyepesi na alete vingine. Asilete kimya, kwani kimya ndicho kilichotufikisha hapa.

Tusisahau kwamba Mwana Kupona aliutunga utendi wake mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Hakuna mhakiki leo anayeuona mdogo kwa sababu aliyelengwa alikuwa mtoto wake. Kwa nini basi tuudharau ushairi wa leo kwa sababu ya kimo cha wanaouimba?

9. Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba ushairi wa orodha unaikosea nomino ya Kiswahili kwa kuitenga na wafuasi wake, unaukosea ushairi wa Kiswahili kwa kuushikisha kina cha bure na kuuacha mlio wa asili wa lugha, na unamkosea mtoto kwa kumfunza asichokihitaji huku ukiyafumbia macho anayoyajua. Dawa yake si kuufukuza ushairi darasani. Dawa yake ni kutunga vyema na kuhakiki bila huruma, tukianza na tungo zetu wenyewe.

Kwa upande wangu nimemwandikia yule mchapishaji nikiomba kwamba kitungo changu kiondolewe katika toleo lijalo. Hadi makala haya yanaandikwa sijapata jibu. Nilipomweleza hayo mjukuu wa dada yangu, alinitazama kwa mshangao. “Lakini mjomba,” akasema, “sisi tumeshakihifadhi.” Hilo ndilo tatizo la ushairi wa watoto, na ndiyo sababu haufai kutungwa kwa jioni mbili: ukiwa mbaya, hauwezi kurudishwa.